Oda Iliyolala Sokoni

Kipande kile cha mkia wa kondoo kilining'inia juu ya mafiga ya mama yangu tangu mvua za vuli mpaka masika yakapita, na kila nilipoingia jikoni nilibana pumzi. Kilianza kikiwa cheupe na kinene, kimejaa mafuta. Kikageuka manjano, kikawa cha kahawia, mwishowe kikawa cheusi kwa moshi na kuanza kudondosha tone moja moja kwenye majivu. Hata paka aliacha kukitazama. Mimi nauza dawa za mifugo pale Olasiti, siku nzima mikono yangu inanuka dawa ya kupe, kwa hiyo harufu mbaya hainitishi. Lakini kile kipande kilinitia kinyaa, na kinyaa chenyewe hakikuwa cha nyama. Kilikuwa cha mtu aliyeileta.

Jina lake Lerionka. Ni mdogo wa marehemu baba yangu, kwa hiyo namwita baba mdogo, na kila nikikutana naye nampa shikamoo yake. Nampa kwa sababu nimelelewa, basi.

Ni mtu wa minada. Anajulikana kuanzia Kisongo mpaka Ngaramtoni, na ukimpeleka kununua ng'ombe hurudi na ng'ombe mzuri, sitamnyima hilo. Ana maneno matamu, anacheka kwa sauti kubwa, na watu wakimwona tu wanaanza kutabasamu kabla hajasema lolote. Kitu hicho nacho kinanichosha. Mtu akishapendwa na watu hivyo, akikuharibia maisha wewe ndiye utakayeambiwa una roho ngumu.

Baba yangu hakuwa hivyo. Alikuwa mkimya, na siku moja alifanya jambo lililowachekesha watu wa boma zima: aliuza mafahali wake wawili akanunua hisa za kampuni moja ya saruji, akaziandikisha kwa jina la mama. Ng'ombe unamwona, unamkamua, unamtolea mahari. Hisa unaipeleka malishoni? Walimcheka mpaka wakachoka. Lakini baba alijua anachofanya. Kwetu ardhi na ng'ombe vinafuata wanaume, na yeyo, ndivyo ninavyomwita mama, alijaliwa mtoto mmoja tu, nami ni wa kike. Baba akiondoka, boma lingekuwa la mdogo wake, na mama angebaki humo kwa hisani. Ndivyo ilivyokuja kuwa. Katika boma lote, kitu kilichoandikwa Naisiae, jina la mama, kilikuwa hizo hisa peke yake.

Na mama alitaka jambo moja. Kule Kikwe, ng'ambo ya pili ya mji, ndiko alikoolewa dada yake Evaresta, na jirani ya Evaresta alikuwa na kiwanja kando ya mfereji, chenye migomba michache na udongo mweusi. Alikuwa tayari kumsubiri mama mpaka auze hisa zake. Nilimuuliza mama mara moja kwa nini asitulie tu palepale Olasiti, mbona hakuna anayemfukuza. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua macho.

"Nataka mlango ambao nikiufunga, hakuna wa kuniuliza kwa nini nimeufunga."

Sikumuuliza tena.

Baba mdogo alijiteua mwenyewe kuziuza. Alikuwa amekwenda semina ya siku mbili ya mambo ya uwekezaji, katika ukumbi wa hoteli moja mjini, akarudi na mfuko wa kitambaa wenye kalamu ndani na maneno mapya mdomoni. Soko limechangamka. Soko limenuna. Usiliamshe soko asubuhi. Aliyasema hayo kwenye kahawa, kwenye misiba, na kanisani baada ya ibada, na vijana wakamsikiliza. Alimwambia mama kwamba hisa zinataka simu ya kupangusa, na mama ana kitochi. Akamwambia pia kwamba mambo ya soko yanataka mwanamume. Alisema hivyo mbele ya wazee, na mama hakuwa mtu wa kumkatalia shemeji yake mbele ya wazee. Basi wakaenda kwa dalali wa hisa mjini, mama akatia saini, na namba ya simu iliyoandikwa kuwa ndiyo ya kupokea na kutoa maagizo ilikuwa ya Lerionka.

Nilimwona akijifunza. Alikuwa anakula huku anabonyeza, kioo cha simu kimefunikwa na ukungu wa mafuta, dole gumba linateleza. Mara ya kwanza alibonyeza kununua badala ya kuuza, na kilichomwokoa ni kwamba hakukuwa na hela ya kununulia. Mara ya pili aliandika bei mahali pa idadi na idadi mahali pa bei, akawa anauza hisa chache kwa bei ambayo hata yeye aliicheka. Hiyo nayo ikakataliwa. Mtu mwingine angeona kwamba ameponea chupuchupu mara mbili, akajiwekea utaratibu: asome kwanza, anawe mikono, amwite mtu mwenye macho amsomee kwa sauti kabla ya kutuma. Yeye alizigeuza hadithi za kuchekesha. Alizisimulia jioni hiyohiyo, na watu wakacheka, na mama akacheka nao kidogo, kwa adabu.

Halafu ikaja siku ya mnada.

Nilikuwa nimetandaza dawa zangu juu ya meza pembeni mwa uwanja, vumbi limenijaa kwenye nyusi. Baba mdogo akaja ananitembelea, mkononi ana mbavu za mbuzi zilizofungwa kwenye gazeti, akaweka gazeti lake juu ya boksi langu la chanjo. Simu ikaita. Mikono ilikuwa imejaa mafuta, kwa hiyo akaibonyeza kwa kiwiko na kuiacha mezani iseme kwa sauti. Kwa njia hiyo nami nikasikia yote.

"Baba Lerionka, shikamoo. Ni Maulida, huku kwa dalali. Nakusomea oda yako kabla sijaipitisha."

"Soma, mwanangu, soma."

"Unauza. Hisa zote za mama Naisiae. Bei ni shilingi mia nne kwa kila moja, isipungue hapo. Muda hukuuchagua, kwa hiyo itakaa sokoni mpaka itimie au uifute mwenyewe. Au niiweke ya leo tu?"

Baba mdogo alikuwa anamtazama fahali mwekundu aliyekuwa anapitishwa. "Ndiyo, ndiyo."

"Ndiyo ipi, baba? Ya leo tu, au mpaka uifute?"

"Weka hivyohivyo, mwanangu. Niko na ng'ombe hapa."

Nimeirudia sauti ile ya Maulida kichwani mara nyingi. Binti wa watu alifanya kazi yake. Alisoma polepole, aliuliza, akauliza tena. Kinga zote ambazo mtu anaweza kuwekewa aliwekewa mzee yule siku hiyo, akazila pamoja na mbavu.

"Baba mdogo," nikasema, "amekuuliza kitu."

"Amenisomea na nimemjibu."

"Amekwambia itakaa mpaka uifute."

Akanicheka, mfupa ukiwa kwenye jino. Kisha akanifundisha, kama anavyofundisha vijana. Kwenye mnada unataja bei yako. Mnunuzi akikataa, unakaa, unangoja mwingine. Jua likishuka na hujapata, unamswaga ng'ombe wako mnarudi nyumbani, na bei uliyoitaja inabaki pale uwanjani na mavi. Kesho ni kesho. Hakuna mtu atakayekuja zizini kwako asubuhi na kukwambia nampeleka huyu, bei ulishaitaja juzi. Atakayefanya hivyo atapigwa fimbo.

Na kwa ng'ombe alisema kweli tupu. Maisha yake yote bei ilikuwa inakufa jua likizama.

Siku ile hisa hazikuuzwa, maana sokoni zilikuwa zinakwenda chini kidogo ya mia nne. Jioni akaja jikoni kwa mama, akakaa kwenye kigoda cha marehemu baba, akaeleza kwamba soko limenuna, tungoje. Nikamuuliza mbele ya mama kama ameifuta oda.

"Nifute nini? Imeshakufa. Umeona wapi ng'ombe anauzwa akiwa zizini kwake?"

"Hii si ng'ombe, baba mdogo."

"Nashilu." Mama alilisema jina langu kwa sauti ya chini. "Inatosha. Shemeji amesema."

Nilikwenda mwenyewe kwa Maulida wiki iliyofuata. Ofisi yao ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na yeye ni mwanamke mdogomdogo mwenye hijabu safi na miwani. Alinisikiliza vizuri. Akaniambia hawezi kufuta oda ya mtu kwa maneno ya mtu mwingine, hata mtoto wake wa kumzaa, na kama angekuwa anafanya hivyo nisingetaka hisa zangu zikae kwake. Mama aje mwenyewe na kitambulisho chake, au mzee atume kwa simu yake. Ni dakika moja tu.

Mama hakwenda. Nilimbembeleza, akasema akienda nyuma ya shemeji yake atakuwa amemwaibisha. Nikamwambia aibu haijengi nyumba. Nikarudi dukani kwangu nimefura. Siku hizo nilikuwa nimechukizwa na kitu kimoja zaidi ya baba mdogo: heshima yetu hii tunayojisifia, ambayo daima inapita upande mmoja kama maji ya bomba.

Miezi ikapita. Mama akaamua asiuze kabisa kwa wakati ule, angoje. Watu wakasahau, hata mimi. Oda haikusahau. Ilikuwa imelala sokoni na bei yake ya mia nne, haili, hainywi, hailipi zizi.

Habari niliisikia redioni Ijumaa jioni, nikiwa dukani napima dawa ya minyoo. Kampuni kubwa zaidi ilikuwa inataka kuinunua ile kampuni yetu ya saruji, na kwa kila hisa ingelipa zaidi ya mara mbili ya bei tuliyokuwa tunaijua. Nilimwachia mteja dawa yake nusu nikakimbia nyumbani. Mama akakaa chini. Akafungua kilemba chake, akakifunga tena. Akaniambia hatutauza kwa pupa. Tutamshukuru Mungu kwanza, halafu Jumatatu twende wote mjini, naye atakwenda na kitambulisho chake. Nilimbusu mkono. Nilidhani ameamka.

Jumapili akachukua jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa anamfukuza hata mbwa, akamfunga miguu na kumpeleka kanisani kuwa sadaka ya shukrani. Sisi ni Walutheri, na kwetu baada ya ibada sadaka za mazao zinapigwa mnada pale nje: mayai, ndizi, maziwa ndani ya vibuyu, kuku. Na anayepiga mnada, miaka yote, ni Lerionka. Nani mwingine? Sauti anayo na mzaha anao.

Alimwinua yule jogoo juu kwa miguu.

"Huyu ni wa mama mwekezaji," akasema. "Jogoo huyu anajua bei za saruji. Nani anaanza?"

Watu wakacheka. Bei ikapanda, na yeye mwenyewe akaongeza, akaongeza tena, akamnunua. Mama alisimama karibu na mlango wa kanisa, mikono ameikunja kifuani, anatabasamu na machozi yanamlengalenga. Wanawake wenzake walikuja kumshika mkono mmoja mmoja. Baba mdogo naye akaja, jogoo kwapani, akampa mkono.

Jumatatu tukapanda ngazi za ofisi ya Maulida. Mama alivaa viatu vyake vya Pasaka. Maulida alimpa kiti, akasoma kitambulisho, akabonyeza kompyuta yake, kisha akaacha kubonyeza. Akatutazama kwanza mimi, halafu mama.

"Mama," akasema, "hisa zako zimeshauzwa. Ijumaa asubuhi."

"Nani ameziuza?"

Akageuza kioo tukaona. Habari ilipotoka, kila mtu aliyekuwa anauza alikimbilia kupandisha bei yake. Walioamka mapema kununua walikuta za mama zipo palepale, kwa mia nne, wakazichukua zote kabla ya saa ya chai. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyedanganya. Ilikuwa kama kumwacha ng'ombe barabarani akiwa na bei ya mwaka jana imeandikwa kwa rangi ubavuni.

"Ujumbe ulikwenda kwa simu ya mzee Ijumaa ileile," Maulida akaongeza. Alisema polepole, kama alivyosoma oda siku ile. "Na yeye aliujibu. Aliandika: sawa."

Tulishuka ngazi mpaka barabarani. Pale mbele ya duka la vitambaa mama akashika nguzo, akaniambia, "Ijumaa." Basi. Nami nilikuwa nimeshaliona lile neno likija tangu ghorofani. Ijumaa alijua. Jumapili alimwinua jogoo wa mama juu kwa miguu, akawachekesha watu, akampa mama mkono.

Nilimkuta nyumbani kwake anakula. Sikumpa shikamoo. Nilimuuliza kama aliuona ujumbe, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Niliuona. Sikutaka kuharibu ibada."

Nimesikia maneno mengi maishani. Nimesikia wafugaji wakinitukana kwa sababu dawa niliyowauzia haikumfufua ndama. Hakuna maneno yaliyowahi kunitapisha isipokuwa hayo. Nilitoka nje, nikashika ukuta wa banda lake la kuku, nikatapika, na jogoo wa mama alikuwa humo ndani ananitazama, bado hajachinjwa.

Fedha iliyoingia ilitosha kununua kiwanja bila nyumba, au kujenga nyumba bila kiwanja. Na wakati ule watu walikuja na pole zao. Walimpa mama pole, wakampa na Lerionka pole, sawasawa, kana kwamba wote wawili wamenyeshewa na mvua moja. Wengine walisema soko la hisa ni kamari. Wengine wakasema ndiyo maana wazee waliamini ng'ombe. Hakuna aliyesema kwamba mtu aliulizwa swali jepesi mara mbili akajibu ndiyo, ndiyo.

Katika ukoo wetu mtu akimkosea mwenzake jambo zito, analeta kondoo. Kondoo anachinjwa mbele ya wazee, watu wanakula, na aliyekosewa anapewa kipande cha mkia, penye mafuta. Akikila, jambo limekwisha. Hairuhusiwi kulitaja tena, hata kwa mzaha, hata ukiwa umelewa. Kwa hiyo baba mdogo alileta kondoo mnene, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza kudondoka, tukakaa chini ya bati la uani. Mzee Lemomo ndiye aliyeongoza, mkubwa kuliko wote katika ukoo.

Baba mdogo alikula kwanza. Mimi sijui mkosaji gani anakula hivyo. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko, akayafuata kwa ulimi, huku anaeleza kwamba soko lilimgeuka, kwamba hata wasomi wa Dar es Salaam walinaswa, kwamba mambo haya yana bahati zake. Kila aliposema soko nilitamani kumtupia sahani. Watu walitikisa vichwa kwa huruma na kujiongezea nyama.

Kisha Mzee Lemomo akakata kipande cha mkia, akakiweka juu ya jani la mgomba, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akakipokea. Akakiangalia. Nilijua atakila, maana nilimjua mama yangu, na nilikuwa nimeshajiandaa kumchukia kidogo.

"Shemeji," akasema. "Ile oda yako uliyoniambia imekufa, kumbe ilikuwa hai?"

"Ilikuwa hai," baba mdogo akajibu.

"Ilikaa tu ikingoja bei yake."

"Ndiyo."

"Jua likizama haifi."

"Haifi, shemeji. Mpaka uifute."

"Basi na mimi naweka yangu." Akakifunika kipande kwa jani. "Hiki nitakila siku nitakayoamka ndani ya nyumba yangu, Kikwe. Sina haraka. Na wa kuifuta ni mimi peke yangu."

Baba mdogo alitazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Mzee Lemomo aliinamia fimbo yake.

"Amesema," akasema mzee.

Hivyo ndivyo kile kipande kilivyokwenda kutundikwa jikoni. Mama hakukitaja tena. Baba mdogo aliendelea kuja kunywa chai, maana asingekuja watu wangeuliza, na kila alipokuja macho yake yalipanda juu bila yeye kutaka, kisha yakashuka haraka kwenye kikombe. Mama alimwekea sukari anayoipenda. Baadaye kipande kilipoanza kunuka alimwekea kigoda palepale chini yake. Siku moja tone lilimdondokea begani. Alilifuta kwa kidole na hakujua kidole akipeleke wapi.

Kinyaa changu hakikupungua, lakini kilipata kazi. Wanawake wa kanisani wana chama chao cha kuweka akiba, na baadhi yao walitaka kununua hisa lakini waliogopa yaliyompata Naisiae. Niliwaambia waje dukani na simu zao. Nawaambia wanawe mikono kwanza, wanacheka, lakini wananawa. Halafu mmoja anaandika na mwenzake anasoma kwa sauti: unanunua au unauza, ngapi, kwa bei gani, na itakufa lini. Hatuuzi wala kununua kamwe kwa bei yoyote itakayokuwepo sokoni; bei tunaitaja wenyewe. Na kama mtu hajataja siku ya kufa, haitumwi. Mtu akinijibu ndiyo, ndiyo, nampokonya simu namwambia arudi siku nyingine. Wananiita mkali. Sawa.

Kilichombana baba mdogo mwishowe ni mwanawe. Kijana alipata mchumba, mahari ikapangwa, na wazee wakakaa kupanga siku ya kuwabariki. Mzee Lemomo akauliza swali moja tu: ile nyama ya Naisiae imeliwa? Ikaonekana haijaliwa. Akasema hajawahi kubariki harusi katika boma lenye nyama inayoning'inia, na kwa umri wake hana mpango wa kuanza. Olasiti siku hizi viwanja vinauzwa kama karanga, watu wa mjini wanajenga mpaka kwenye mapito ya ng'ombe. Baba mdogo alikata kipande cha shamba lake akakiuza. Alizunguka wiki nzima amenuna kama lile soko lake. Lakini aliuza, na fedha ikaongezwa kwenye ile ya mama.

Nyumba ya mama ina vyumba viwili na bati jekundu. Ukisimama mlangoni asubuhi unauona Meru kwa upande ambao kule Olasiti hatuuoni, na mfereji unapita chini ya migomba unaongea peke yake. Alilala humo usiku wa kwanza na dada yake Evaresta. Asubuhi tukafika mimi, Mzee Lemomo na baba mdogo aliyevaa koti lake la kwendea semina, amekuja kumaliza mambo.

Tulikaa nje kwenye mkeka. Mama akaleta sinia. Juu yake kulikuwa na kisu, chumvi, na kile kipande cheusi, kigumu kama soli, kinang'aa kwa mafuta ya zamani. Harufu yake ilifika kabla yake. Nikafunika pua kwa khanga.

"Yeyo," nikamwambia, "si lazima. Mzee ataelewa."

"Niliweka bei," akasema. "Imefika."

Akakata. Alikata vipande viwili sawasawa, akapaka chumvi vyote viwili, na kimoja akakisogeza upande wa pili wa sinia.

"Shemeji, karibu. Jambo ni la watu wawili."

Baba mdogo alimtazama Mzee Lemomo. Mzee alikuwa anautazama mlima. Mama akatia chake mdomoni, akaanza kutafuna polepole, uso umetulia, kama mtu anayekula muhogo wa kuchemsha. Mimi niliteremsha khanga puani. Niliona nikifunika pua nitakuwa upande usio wangu.

Baba mdogo akakichukua kwa vidole viwili. Akakitia mdomoni. Macho yakamjaa maji, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mtu yule alikuwa na chakula mdomoni na hana la kusema. Akaomba maji kwa mkono. Mama akamwonyesha mfereji kwa kidevu.

Mama alimeza chake, akafuta kisu, akaondoa sinia. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Tulibaki pale kwenye mkeka, baba mdogo bado anatafuna, na hakuna aliyemuuliza mama kwa nini ameufunga.